Sura ya Saba: Mti Ulioachwa

Mkata mbao wa Mpanda anaujua mbula kwa meno ya msumeno wake. Mwonyeshe mti huo, mnene, wenye kivuli cha kutosha kuegesha lori, atautazama mara moja kisha atapita. Ndani ya mbao zake mna chembe ngumu za silika, kitu kilekile kinachoufanya mchanga ukwaruze, na msumeno uliotoka kunolewa asubuhi hugeuka butu kabla ya saa ya chai. Mninga ulio hatua 20 kutoka hapo hauna kinga hiyo. Mninga unakatika vizuri, unang'aa ukipigwa randa, unakuwa mlango, kabati na kitanda cha bwana harusi mjini. Ndiyo maana ukiingia porini na watu wa huku, mninga mkubwa mnautafuta, mbula mnaukuta.

Hiyo ni sababu moja ya mbula kubaki. Ya pili iko mikononi mwa mkulima. Anapofungua shamba jipya kwenye miombo, anaangusha mtundu, anaangusha myombo, anakusanya matawi na kuyachoma, na mwisho wa kazi shamba linabaki jeusi na tupu kama kiganja. Isipokuwa pale katikati. Pale pamesimama mti mmoja, majani yake kijani juu na meupe chini kama yaliyopakwa unga, na mahindi ya mwaka ule na miaka itakayofuata yatapandwa kuuzunguka. Trekta litakapokuja, dereva atalalamika. Mti hautaondolewa.

Wasomaji tuliokuwa pamoja Chile katika sura iliyopita watakumbuka kwamba tulianza na msonobari wa Andes uitwao pewen, na watu wanaojiita Pehuenche. Che ni watu. Kwa hiyo jina lao zima ni watu wa pewen. Mti huo huzaa mbegu za mafuta na wanga zinazochemshwa, kuokwa na kusagwa unga, na mwaka 1990 serikali ya Chile ilipiga marufuku kuukata. Huko Queensland, Australia, upo ndugu yake aitwaye bunya. Tumba lake moja linaweza kufika kilo 10, na wakazi wa asili walikuwa wakisafiri siku nyingi kwenda kuzila mbegu zake kila mavuno yalipokuwa makubwa, wakifungisha ndoa na kumaliza kesi hukohuko. Mwaka 1842 gavana wa Kiingereza alizuia walowezi kukaa wala kukata miti kwenye nchi ya bunya. Mwaka 1860 katazo hilo lilifutwa, na misumeno ikaingia.

Nilipopanga kurudi nyumbani kwa ajili ya sura hii, nilitaka msonobari. Neno tunalo. Kamusi zinalo, na lilikuja na jahazi kutoka kwa Waarabu, ambao kwao sanawbar ni mti na pia ni zile mbegu ndogo nyeupe zinazonyunyizwa juu ya wali wa sherehe. Ndugu zetu waliohamia Muscat wanazinunua kwa gramu na kulalamikia bei. Lakini sisi tulichukua neno tukaacha chakula. Misonobari ya Sao Hill kule Mufindi, iliyopandwa maelfu kwa maelfu ya hekta, ni ya kigeni, na mbegu yake ni kijipande chenye bawa ambacho hakimshibishi hata panya. Ya asili tunayo michache: mtarakwa na podo, miti ya milima yenye ukungu. Mtarakwa hutoa nguzo na harufu nzuri. Hakuna kabila la Tanzania ninalolijua linalojiita watu wa podo.

Basi nikaacha kutafuta umbo la mti, nikatafuta kazi yake. Ni mti gani, kwenye nchi hii, ambao watu wameula kokwa, wakaukalia kivulini, wakaomba chini yake, na wakaujua kwa jina hata walipohamishwa mbali nao? Swali hilo lilinipeleka Katavi, na jibu likawa miti miwili.

*

Reli inayokwenda Mpanda haikujengwa kwa ajili ya watu wa Mpanda. Ilifika mwaka 1950 kutoka Kaliua, yapata kilomita 210 ndani ya pori, kufuata risasi iliyokuwa ikichimbwa huko. Mwongo mmoja baadaye mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, ikapata kazi nyingine ya kubeba mahindi, asali, mbao, kuku na abiria wanaojua kwamba ratiba ni matumaini. Mkoa wenyewe ni kijana: Katavi ilikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Wenyeji wake si vijana. Wabende na Watongwe upande wa magharibi, Wakonongo kuelekea Inyonga, Wapimbwe kwenye bonde la kusini lililo chini ya Ufipa, wote hao wameishi ndani ya miombo kwa vizazi visivyohesabika, wakilima kidogo, wakiwinda, wakivua kwenye mito na kurina asali. Ng'ombe hawakuwa nao kwa wingi. Mbung'o hakuwaruhusu.

Nchi ya namna hiyo ina njaa yenye tarehe. Ghalani huanza kusikika sauti ya mwangwi mwezi wa kumi na moja, mvua inaponyesha na kila mwenye nguvu yuko shambani anapanda kile ambacho hatakila kabla ya Machi. Mbula huangusha matunda yake mwishoni mwa kiangazi na mvua za kwanza zinapoingia. Sidhani kama kuna haja ya kutafuta sababu nyingine ya mkulima kumwambia mwanawe auache.

Tunda lake halina sura ya kuvutia. Ni dogo, wastani wa yai la kuku wa kienyeji au pungufu, ganda la kijivu lenye madoadoa makavu kama ngozi ya kiazi kilichosahaulika. Ndani ni njano, unga-unga, tamu. Halichumwi. Ukilichuma mtini litakukaba koo kwa ukakasi. Linasubiriwa lianguke, na likianguka lina siku chache tu kabla halijaanza kunuka pombe. Watu hawakupoteza muda na dokezo hilo. Nyama ya tunda hupondwa ikawa kinywaji, hutiwa kwenye uji kuutia utamu, na ikiachwa kidogo inakuwa kile mtakachokiita kulingana na dini yenu.

Lakini sura hii ni ya kokwa. Baada ya nyama kuliwa hubaki kokwa ngumu kama mfupa, yenye nyuzi nje na vyumba viwili ndani, kila kimoja kimetandikwa manyoya kama kiota. Kwenye kila chumba mna kiini. Kiini hicho kina mafuta mengi, na ladha yake iko kati ya karanga na lozi. Huliwa kibichi, hukaangwa, au hutwangwa na kutiwa kwenye mboga pale karanga zilipokwisha. Ugumu wa kokwa ndio uliokifanya kiwe akiba: tunda linaoza ndani ya wiki, kokwa inakaa pembeni ya jiko miezi kadhaa bila kudai chochote. Kuivunja ni kazi ya wazee na watoto, watu wenye muda. Jiwe la chini, jiwe la juu, kokwa imesimamishwa kwa ncha, pigo moja la kipimo.

Nilijifunza hivyo kwa aibu, kwenye kijiji kimoja kati ya Mpanda na Sitalike, chini ya mbula uliokuwa nyuma ya jiko la bibi mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuokota au kuangalia?"

Nikasema kuangalia. Akanipa kiti cha wageni. Ningesema kuokota, nadhani, angenipa kikapu na heshima zaidi.

Si binadamu peke yake aliyepiga hesabu hii. Tembo huyafuata matunda ya mbula kwa pua, na kokwa hupita tumboni mwake na kutoka mbali na mti mama, zikiwa ndani ya mbolea yake mwenyewe. Sokwe wa Mahale, na wale wa miombo mikavu ya Ugalla na bonde la Issa, nao wanaula mbula. Sokwe hao wa miombo wanafuatiliwa sana na wanasayansi, kwa kuwa wanaishi mahali palipo wazi na pakame, pengine panapofanana na nchi walimoishi wahenga wa binadamu. Mwaka 2007 watafiti walichapisha ushahidi wa sokwe wa Ugalla wakichimbua mizizi kwa vijiti. Kwa hiyo mtoto anayeokota matunda alfajiri kabla ya nguruwe pori hajayafikia anashindana na foleni ya zamani sana.

Na sasa jambo ambalo lilinibadilisha namna ya kuutazama mti huu. Mbula haupandiki kirahisi. Ile kokwa inayoulinda mwezi hadi mwezi inaukataza kuota; ukizifukia kokwa 100 kwenye kitalu unaweza kurudi msimu baada ya msimu ukakuta viriba vya udongo vikikutazama. Watafiti wa matunda ya asili kwenye nchi za miombo wamehangaika nao miaka mingi. Porini huzaliana zaidi kwa machipukizi ya mizizi: mti unakatwa au unaungua, na chini kwa chini mizizi inatoa watoto. Gome lake nene huvumilia moto wa kila kiangazi. Maana yake ni kwamba kila mbula mkubwa unaouona katikati ya shamba hakuna aliyeupanda. Upo kwa sababu kuna mtu, akiwa na shoka mkononi, aliamua kutoukata. Na baada yake mwanawe akaamua hivyohivyo, na mjukuu. Kuacha huko ni kilimo. Hakina jembe, hakina mbolea, hakina hata neno kwenye takwimu za wizara, lakini kimezaa bustani kubwa kuliko kitalu chochote nilichokiona mkoani.

Kila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, viongozi huinama na kufukia miche mbele ya kamera wakati mvua za Katavi ziko ukingoni kukatika. Siku ya Taifa ya Kutokata Miti hatuna. Najua, haipigiki picha.

*

Kuna mbula mmoja maarufu duniani, ingawa dunia haijui kwamba ni mbula. Haukuwa Katavi bali kusini zaidi, nchi ambayo leo ni Zambia, kwenye kijiji cha Chitambo kusini-mashariki mwa ziwa Bangweulu. Mapema Mei 1873 wasaidizi wa David Livingstone walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaamua jambo ambalo hakuna aliyewaagiza: kuurudisha mwili pwani. Walitoa moyo na viungo vya ndani, wakaviweka kwenye kopo la bati lililokuwa la unga, wakavizika chini ya mti. Jacob Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Waandishi wa wakati ule waliuita mti huo mvula. Wabemba wanauita mupundu. Ni mti wetu huuhuu.

Mwili waliukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, wakauingiza ndani ya gome la mti lililobanduliwa mzima kama bomba. Kila nikisoma kisa hicho namfikiria mrina asali wa Inyonga. Hivyo ndivyo mzinga wa gome unavyotengenezwa hadi leo katika nchi ya Wakonongo: unazungushia mkato juu na chini, unapasua kwa urefu, unabandua polepole, unashona. Vitabu vya Ulaya vinaisimulia safari ile kama uaminifu wa watumishi. Mimi naona pia ufundi wa watu wa miombo, waliojua gome lipi linabanduka na mti upi unaaminika kulindwa. Msafara ulipanda kaskazini, ukaingia Ufipa na kuendelea hadi Unyanyembe, Tabora ya leo, na Februari 1874 ukafika Bagamoyo.

Mti wa Chitambo ulizeeka. Mwaka 1899 afisa mmoja wa Kiingereza aliukata, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Mahali pake pakajengwa mnara. Nadhani wangeuacha ungekufa wenyewe na kutoa machipukizi, lakini huo ni utabiri wa mtu aliyekwisha kuupenda mti.

Miaka miwili kabla ya kifo kile Henry Morton Stanley alikuwa amepita huku huku kwetu. Mwaka 1871 vita vya Mirambo vilifunga njia ya kawaida kati ya Tabora na Ujiji, naye akazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, nchi ya Wabende na Watongwe. Chakula kiliisha. Wapagazi wake walisonga mbele kwa matunda ya pori, na katika kitabu chake aliyataja baadhi kwa majina aliyoyasikia. Aliyafurahia kwa mshangao wa mgeni, kana kwamba yalijitokeza tu. Wapagazi, nadhani, hawakushangaa.

*

Mahali palipokaliwa pakahamwa tunapaita mahame. Katavi ni nchi ya mahame. Miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakusanya watu wa magharibi waliokuwa wamekaa mbalimbali, ikawaweka kwenye makazi ya pamoja ili mbung'o aachiwe pori. Vijiji vya Ubende, Ukonongo na Upimbwe vikafungwa, mbuga ikasogea. Mwaka 1974 Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa. Miaka ya 1990 ikapanuliwa hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Miaka hiyohiyo ya katikati ya 1970 ilikuwa ya Operesheni Vijiji, na waliobaki nje ya mpaka nao wakabebwa na malori kwenda kupanga nyumba kwa mistari. Mtu aliyezaliwa mwaka 1920 na kuishi hadi uzeeni angeweza kuhamishwa mara tatu bila kuvuka mpaka wa mkoa.

Nyumba za udongo hurudi udongoni ndani ya misimu michache. Makaburi hayakuwa na saruji. Kinachobaki ni vigae vya vyungu, kipande cha jiwe la kusagia lililochimbika katikati, na mti wa kula. Ukipita kwenye njia za zamani za misafara, kuanzia Tabora hadi Ujiji, utaiona miembe mikubwa iliyopandwa na wafanyabiashara wa pwani. Mwembe unasema mgeni alikaa hapa. Mbula unasema mwenyeji. Ukiona kadhaa imesimama kwa nafasi, mikubwa, chini pasafi, na pori linaloizunguka ni jembamba na la umri mmoja, simama. Uko uwanjani kwa mtu.

Wazee hutumia miti hiyo katika mabishano ya mipaka, na nimeona kijana mwenye kifaa cha kupimia cha setilaiti akisubiri kwa adabu huku mzee akinyoosha fimbo kutoka shina moja hadi jingine. Kifaa kilitoa namba. Mzee alitoa majina ya waliookota chini ya kila mti.

Halafu walikuja watu waliokimbia. Warundi walionusurika mauaji ya mwaka 1972 walipewa Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Walikabidhiwa shoka, mbegu na pori. Mtaalamu wa Kifini, Liisa Malkki, aliishi nao Mishamo miaka ya 1980 na kitabu alichokiandika kilimfanya ajulikane duniani. Kilihusu jinsi watu wanavyoitunza kumbukumbu ya nchi waliyoiacha. Katika miaka iliyofuata maelfu kwa maelfu ya wakazi wa makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania. Wao ni wakulima hodari kupita kiasi, na sehemu kubwa ya pori iliyokuwa pale ni mashamba. Baadaye Wasukuma nao wakashuka na ng'ombe zao, mbung'o wakiwa wamepungua pamoja na vichaka. Ni rahisi kwa mwandishi wa vitabu vya miti kuwanyooshea kidole wageni. Nilipanga kufanya hivyo. Kisha nikapita Katumba na kukuta mbula katikati ya muhogo, na mwenye shamba, aliyezaliwa hapohapo na wazazi kutoka ng'ambo, akaniambia baba yake alifundishwa na Mbende mmoja wasiuguse. Alivyotamka neno mbula, usingemtofautisha na mwenyeji.

*

Mti wa pili ni mkwaju, na huu haumtegemei mkata mbao wala mkulima. Una mwenyewe.

Wabende wanasimulia juu ya Katabi, mwindaji mkuu wa zamani ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na ziwa Katavi. Ziwa lenyewe ni ziwa nusu mwaka tu: masika ni maji yanayomeremeta hadi upeo wa macho, kiangazi ni uwanda wa majani wenye nyati na pundamilia. Waliokuwa na haja, ya mvua, ya mtoto, ya uwindaji mwema, walikwenda chini ya mti huo wakaacha sadaka, na wapo wanaoendelea kufanya hivyo. Kutoka kwa Katabi likatoka jina la ziwa, kutoka ziwa jina la hifadhi, na kutoka hifadhi jina la mkoa. Herufi moja ilibadilika njiani, b ikawa v. Kwa hiyo kila barua inayotoka ofisi ya mkuu wa mkoa ina kichwani mwake jina la mtu anayeishi mtini, na hakuna anayeona ajabu.

Ukwaju wenyewe hauhitaji utambulisho kwa msomaji yeyote aliyekunywa juisi pwani. Ninachotaka kukigusa ni jina lake la dunia. Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya Kihindi, kwa kuwa waliununua kutoka Bara Hindi, na Wazungu wakalichukua hivyo hadi kwenye jina la kisayansi. Wataalamu wa mimea wanauhesabu mkwaju kuwa mwenyeji wa Afrika ya kitropiki, uliovuka bahari zamani kwenda huko. Yaani mti wa Katabi umeandikwa kwenye vitabu kama Mhindi. Msonobari tuna neno bila chakula. Mkwaju tuna chakula, na jina likaenda kwa wengine.

Mti huo uko ndani ya hifadhi, na hilo limeulinda na shoka. Pia limeweka mpaka wa hifadhi kati yake na watu wake. Sioni faida ya kujifanya kwamba kimoja kati ya hivyo viwili hakipo. Tishio la sasa halitoki kwa shoka. Linatoka mtoni. Mto Katuma unaolisha ziwa umekuwa ukizibwa juu huko kwa mabwawa ya udongo na viroba ili kumwagilia mpunga, na kiangazi kinapokaza, viboko wa Ikuu na madimbwi mengine hubanana kwa mamia kwenye tope, mgongo kwa mgongo. Watalii wanalipiga picha tope hilo kama maajabu. Mkulima wa mpunga naye ana watoto wa kulisha. Katabi, kama bado anasikiliza, ana kesi ngumu mezani.

*

Upande wa magharibi, kwenye wilaya ya Tanganyika, kuacha kumepata bei. Vijiji 8 vinavyopakana na misitu ya Ntakata viliingia mkataba na kampuni ya Carbon Tanzania: msitu usipofyekwa, hewa ya ukaa iliyobaki ndani ya miti inauzwa kwa kampuni za mbali zinazotaka kufidia moshi wao, na sehemu ya fedha inarudi vijijini. Zimejengwa zahanati na madarasa kwa fedha hizo, na askari wa misitu wa vijiji wanalipwa. Nafurahi. Pia nina wasiwasi mdogo wa mtu anayependa kokwa. Kaboni hupimwa kwa unene wa shina. Tepu inazungushwa kifuani, namba inaandikwa. Mbula, mtundu na mti usioliwa na chochote hupata hesabu ya namna moja. Hakuna safu kwenye fomu inayouliza ni nani aliyeokota hapa, mwezi gani, na alikuwa na njaa kiasi gani. Na mbula ulio nyuma ya jiko la bibi wa njia ya Sitalike haumo kabisa, kwa kuwa peke yake si msitu.

Kwenye kituo cha utafiti cha Tumbi, Tabora, wanawake wamewahi kufundishwa kusindika matunda ya pori kuwa jemu, juisi na mvinyo. Kwa mbula, soko ninalolijua Mpanda ni beseni moja au mawili sokoni mwishoni mwa kiangazi, mafungu yamepangwa juu ya gunia, na muuzaji ambaye hakukuita. Wanaojua wanainama wenyewe.

Nilikaa chini ya mti wa bibi hadi jua likapanda. Watoto walikuwa wameshaokota na kwenda shule. Akaniletea mawe mawili na kokwa tatu, akarudi kwenye mchele wake. Kokwa ya kwanza niliipiga ikaruka ikapotea kwenye majivu. Ya pili niliipiga kwa hasira, ganda, kiini na manyoya vikawa uji mmoja. Bibi hakusema kitu, lakini ungo ulisimama. Ya tatu niliisimamisha kwa ncha kama nilivyoona, nikagonga kidogo, nikageuza, nikagonga tena, ikafunguka. Chumba kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa na kiini kizima, cheupe, hakijakwaruzika.

Bibi alinyoosha mkono, akakichukua, akakitumbukiza kwenye kikombe cha bati pamoja na vyake.